Hatua ya Megahezi Mia

Karatu mjini na vijiji vinavyoizunguka, kazi inayoitoa kompyuta jasho ni video. Harusi za Desemba, kwaya zinazorekodi albamu, kampuni za utalii zinazotaka filamu fupi ya kreta, zote huishia kwenye studio ndogo ambako mashine hukesha ikichakata picha. Prosesa mpya ni ghali, na iliyopo pengine ina nguvu ya akiba. Hapo ndipo anapotafutwa fundi wa kuongeza kasi, na mimi huustahi sana ufundi huo, kwa sababu ubora wake huonekana zaidi pale fundi anapojizuia.

Kabla ya kuahidi chochote, fundi mzuri husoma namba za prosesa na za bodi. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mtumba ni za ofisini, Dell OptiPlex na ndugu zake wa HP, na hizo kiwanda kiliziwekea kufuli. Kwa upande wa Intel, prosesa ya mezani inayopandishika kwa kawaida ina herufi K kwenye namba yake, na bodi nayo lazima iruhusu. Core i5-2500K iliyotoka Januari 2011 hupanda vizuri kwenye bodi ya P67 au Z68. Ipachike kwenye H61 uone, kasi haisogei. AMD wamekuwa wakarimu zaidi, karibu Ryzen zote za mezani zimeachwa wazi, ila bodi za A320 hazikubali. Fundi anayemwambia mteja, "Kaka, hii yako haipandi, ongeza RAM na uweke SSD," anastahili malipo yake kwa jibu hilo tu.

Hesabu ya kasi yenyewe ni nyepesi. Saa ya msingi ya megahezi 100 mara kizidisho cha 33 ni gigahezi 3.3. Weka 34, umeongeza megahezi 100. Wanagenzi wengi hupotea hapohapo, maana gharama haiko kwenye kasi, iko kwenye joto. Joto hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 3.3 kwa volti 1.2, uipeleke 4.3 kwa volti 1.3: kasi imeongezeka asilimia 30, joto linalozalishwa limeongezeka kama asilimia 53. Bodi ikiachiwa iamue volti yenyewe, mara nyingi hujimiminia kupita haja. Kwa hiyo fundi huiweka volti kwa mkono wake, kisha huibembeleza kasi ipande mpaka prosesa ikatae.

Oldeani, kwenye mlima wa jina hilo hapa Karatu, ina neema yake katika kazi hii. Mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya mlima huo yako mita 1,600 hivi na zaidi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai watu hawatoki bila koti. Feni inayovuta hewa ya digrii 15 ina faida ya digrii 10 na zaidi kuliko ya Dar es Salaam, na faida hiyo hufika kwenye prosesa karibu yote. Ila hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita, hivyo feni ileile hubeba joto kidogo zaidi pwani kuliko hapa. Ukitoa hiki kwa kile, Oldeani bado inashinda, kwa digrii chache.

Halafu kuna vumbi jekundu la kiangazi, linalojishindilia kwenye mapezi ya kipoozeo mpaka hewa isipite. Mtazame fundi akisafisha. Kabla ya kupuliza anaishika feni kwa kidole isije ikazunguka kwa kasi ikaharibu beringi. Anakizungusha kipoozeo kidogo kushoto na kulia ndipo anakiinua, asije akaing'oa prosesa pamoja nacho. Pesti kuukuu ya kupitisha joto, iliyokauka na kupasuka, anaifuta kwa spiriti mpaka chuma king'ae. Pesti mpya anaweka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, katikati. Skrubu anazikaza kwa kukingamisha, nusu mzunguko kila moja, ili uzito ulale sawa pande zote. Hakuna hata megahezi moja iliyoongezwa bado, na joto limeshashuka.

Mafaili ya mteja yakishanakiliwa kwenye diski ya pembeni na UPS ikiwa imeunganishwa, anaanza kupanda. Hatua moja, halafu jaribio. Wengi hutumia Prime95, programu ambayo George Woltman aliiandika kwa ajili ya kusaka namba tasa za Mersenne. Inaipa prosesa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana. Jibu likitofautiana hata mara moja, mashine haijatulia, hata kama skrini iko shwari. Kosa hilo la kimya ndilo la kuogopwa. Kompyuta inayozima ghafla imekwambia ukweli. Inayoendelea huku ikikosea huharibu harusi ya watu bila mtu kujua. Prosesa ikikataa, anaongeza volti 0.01 au 0.02 na kujaribu tena. Kompyuta isipowaka kabisa, anachomoa umeme, anatoa betri ndogo ya bodi, anasubiri dakika chache, na mipangilio inarudi ya kiwandani. Prosesa ya 2500K hujipunguza kasi yenyewe ikikaribia digrii 98. Yeye husimama kwenye 80. Na ikipita usiku mzima kwenye gigahezi 4.4, anaiacha 4.2.

Volti iliyozidi haiui prosesa siku hiyohiyo, huila polepole. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita inavyotakiwa kwa sababu ya kosa la maikrokodi, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Anayeanza na aisome habari hiyo kabla ya kugusa volti.

Kutoka Oldeani barabara hushuka hadi Mang'ola, nchi ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi, mita mia kadhaa chini na kwenye joto kali. Mashine iliyotulia Oldeani mwezi Julai inaweza kuanza kukosea huko Februari, saa nane mchana. Kwa hiyo fundi hubandika karatasi ndani ya kasha: kizidisho, volti, joto la juu kabisa, joto la chumba, mwezi. Mteja akihama, anapima upya, na ikibidi anashusha hatua moja, kutoka 4.2 hadi 4.1. Video iliyokuwa ikichukua saa mbili sasa itachukua dakika tatu zaidi.