Hati ya Uaminifu au Hati ya Ushuhuda?

Kazi ya kusanifu istilahi haiishii katika kutafuta neno la Kiswahili litakalokaa mahali pa neno la kigeni. Hatuna budi kuuliza pia neno hilo linamwahidi nini mwananchi atakayelitumia. Katika makala haya twakusudia kuchambua istilahi chache zinazohusu hati ambazo jumuiya za watumiaji huwapa wanachama wao katika mitandao ya kijamii isiyo na mamlaka moja.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mitandao mingi tuliyoizoea humilikiwa kila mmoja na kampuni moja, na kampuni hiyo ndiyo iamuayo akaunti ipi ni ya kweli. Twitter ilianza kutoa alama ya uhakika mwaka 2009. Mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya mtandao huo kupata mmiliki mpya, alama hiyo ilianza kuuzwa kwa ada ya mwezi, na maana yake ya awali ikapotea. Kwa upande mwingine, Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, huendeshwa kwa seva nyingi, kila moja ikiwa na msimamizi wake. Seva hizo huwasiliana kwa kanuni za ActivityPub, zilizopitishwa na shirika la W3C Januari 2018. Huko hakuna mwenye muhuri mmoja. Jumuiya zenyewe hazina budi kuwatambulisha watu wao, na hati ya jumuiya moja sharti isomeke kwa jumuiya nyingine. Ndiyo sababu viwango vya pamoja vinatakiwa.

Istilahi ya kwanza tunayoitilia shaka ni “mitandao iliyogatuliwa”. Kugatua ni kitendo cha mwenye madaraka kuyashusha kwa walio chini yake. Ndivyo lilivyo wazo la Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 nchini Tanzania, na ndivyo neno ugatuzi linavyotumika Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010. Mitandao tunayoizungumzia haikupewa madaraka na yeyote. Twaona “mitandao isiyo na kitovu” ni istilahi iliyo karibu zaidi na ukweli.

Ya pili ni “hati ya uaminifu”, na hii ina hatari kubwa zaidi. Uaminifu ni sifa ya mtu anayeaminiwa, yaani tabia yake ya kutokudanganya na kutokuiba. Mwenye kuonyeshwa hati yenye jina hilo atafahamu kwamba mwenye hati ni mwaminifu. Lakini ni jumuiya gani iwezayo kuandika hivyo? Chama cha madaktari chaweza kusema kwamba fulani ni mwanachama wake. Hakiwezi kusema kwamba kila dawa atakayoitaja mtandaoni yamfaa kila mgonjwa. Mama atakayempa mtoto wake dawa kwa kutegemea jina la hati atakuwa amepotoshwa na istilahi kabla hajapotoshwa na mtu.

Ya tatu ni “akaunti iliyothibitishwa”. Kuthibitisha ni kuondoa shaka. Sasa tutazame kinachofanyika. Katika Mastodon, mtumiaji huweka kiungo cha tovuti yake, na tovuti hiyo nayo huelekeza kwenye akaunti yake. Seva ikikuta viungo hivyo viwili vinaoana, huonyesha alama. Kilichoonekana ni kwamba mwenye akaunti ana uwezo wa kuandika kwenye tovuti ile, basi. Bluesky nayo, Aprili 2025, iliziruhusu baadhi ya asasi, likiwamo gazeti la New York Times, kuwawekea watu alama. Gazeti lamjua mwandishi wake, lakini alama hiyo haithibitishi kila neno atakaloandika.

Wataalamu waliotunga kanuni za hati za namna hii hawakukosea jambo hili. Muundo uliopitishwa na W3C Novemba 2019, na toleo lake la pili la Mei 2025, hutenganisha mtoaji wa hati, mwenye kuishika, na mwenye kuikagua. Tena husema wazi kwamba kuikagua hati si kupima ukweli wa madai yaliyomo. Kwa kitendo hicho twapendekeza neno “kuhakiki”. Watanzania walilizoea katika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Walioghushi walijulikana, lakini hakuna aliyedhani kwamba kila aliyebaki na cheti halali ni mchapakazi.

Hati yenyewe tuiiteje? “Ithibati” hutazamiwa kutoka kwenye bodi au mamlaka iliyo juu, ilhali hati hizi hutolewa na watu walio sawa. “Udhamini” nao unazidi kiasi: mdhamini wa mahakamani huwajibika mshtakiwa akitoroka, na hapa hakuna anayeahidi kulipa. Sisi twapendekeza “hati ya ushuhuda”. Shahidi husema alichokiona au anachokijua, hutaja jina lake, na aweza kuulizwa. Tunafahamu kwamba neno hili lina harufu ya mahakama na ya ibada. Lakini kote huko maana yake ya msingi haibadiliki.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa humwandikia mkazi barua ya utambulisho, akaitia sahihi na muhuri. Barua husema kwamba fulani ni mkazi wa mtaa huo. Haisemi kwamba atalipa mkopo wake. Anayeipokea huamua mwenyewe aiamini kwa kiasi gani, na kwa shughuli ipi.

Kwa hiyo kiwango chochote cha pamoja kitakachoandikwa kwa Kiswahili kiwe na majina ya mambo matano: shahidi ni nani, anamshuhudia nani, anashuhudia jambo gani, amelijuaje, na ushuhuda unakoma lini. Pamoja na hayo liwepo neno la kuondoa hati iliyokwisha kutolewa. Twapendekeza “kutangua”, kama tunavyotangua mkataba. Jumuiya isiyoweza kutangua hati yake itaendelea kumshuhudia mtu hata baada ya kumfukuza.

Huenda wako wasomaji watakaoona kwamba “hati ya uaminifu” imekwisha kuwaingia watu midomoni na haifai kusumbuliwa. Sisi hatukubaliani nao. Neno lililoahidi zaidi ya uwezo wa mtoaji wake hulipwa na mtumiaji, naye aghalabu ni yule asiye na njia nyingine ya kujua ukweli. Tunawaomba wasomaji, hasa wanaosimamia seva na wanaotafsiri programu, watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijafikishwa mbele ya kikao cha usanifishaji.