Hesabu ya Mfupa Unaojiunga

Mfupa wa muundi ukivunjika, mwanya kati ya ncha zake hujaa damu inayoganda, kisha tishu changa laini, kisha gegedu, na mwisho mfupa. Kompyuta huigiza mfuatano huo kwa kurudia swali moja: sehemu hii ikitikiswa kiasi hiki, seli zake zitajenga nini?

Katika miaka ya 1970 Stephan Perren wa Uswisi alieleza kwamba kila tishu ina kikomo chake cha kunyumbuka. Tishu changa huhimili asilimia 100, gegedu takriban 10, mfupa takriban 2 tu. Mwanya wa milimita 1 ukicheza kwa milimita 0.3 hunyumbuka asilimia 30. Wa milimita 3, kwa mtikisiko uleule, asilimia 10. Ndiyo maana ufa mwembamba uliofungwa kwa kulegea waweza kusumbua kuliko mpana. Hesabu hiyo ni safi, ila huuona mwanya wote kuwa kitu kimoja, ilhali yanayotokea katikati siyo ya pembeni.

Mwaka 1997 Prendergast, Huiskes na Søballe waliichukulia tishu kuwa kiunzi kilicholowa maji. Katika kila kipande cha mchoro wa mwanya kwenye kompyuta, kiasi cha kupindika kwa kiunzi hugawanywa kwa 0.0375, kasi ya maji kwa mikromita 3 kwa sekunde, kisha majibu hujumlishwa. Jumla ikizidi 3 huota tishu ya nyuzi. Kati ya 1 na 3, gegedu. Chini ya 1, mfupa.

Lacroix na Prendergast waliitumia kanuni hiyo kwa mivunjiko mwaka 2002. Programu huweka uzito juu ya mfupa, hukokotoa jumla ya kila kipande, husambaza seli kutoka kwenye uboho, misuli na utando wa mfupa, hubadilisha ugumu wa vipande, kisha huanza upya. Tishu changa hupewa ugumu wa megapaskali 0.2, mfupa uliokomaa 6,000. Kipande kikigeuka ghafla kutoka namba ya kwanza hadi ya pili, hesabu nzima huyumba. Kwa hiyo ugumu hukadiriwa kwa wastani wa mizunguko 10. Huo ni ujanja wa mhandisi zaidi kuliko biolojia, lakini tishu halisi nazo hazigeuki kwa usiku mmoja.

Kipimo kikali kilikuja mwaka 2006, Hanna Isaksson na wenzake walipolinganisha kanuni kadhaa na mifupa ya kondoo. Hakuna iliyolingana kikamilifu na uponaji ulioonekana kwenye mifupa iliyokandamizwa na iliyozungushwa. Kwa iliyozungushwa, ni kanuni ile ya kupindika na mwendo wa maji pekee iliyobashiri uponaji kama ulivyotokea.

Hata hivyo, kwa kanuni ya 1997, kipande kilichotulia huweza kugeuka mfupa hata kama damu haijakifikia. Pengo hilo ndilo lililoshughulikiwa na miundo ya baadaye, kama ule wa Liesbet Geris wa Ubelgiji wa mwaka 2008, unaokokotoa pia jinsi mishipa ya damu inavyochipua ndani ya mwanya.