Mshumaa Uliogeuka Mwenge: Usiku Mmoja wa Mkesha, Kyerwa

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, rafiki yangu anayesoma Japani alinitumia video kutoka Enoshima. Ni kisiwa kidogo karibu na mji wa Fujisawa, unakifikia kwa daraja. Jioni za kiangazi wanapanga taa za karatasi kwenye njia ya kupandia hekalu, na kwenye baadhi yake wamechora hadithi ya kisiwa chenyewe: joka la vichwa vitano lililokuwa likiwatesa wanavijiji, mpaka alipotokea binti wa mbinguni, likampenda, na likalazimika kuacha ubaya ili limstahili. Katika video nzima hakuna mtu anayehutubia. Watu wanapanda ngazi taratibu, wanasimama kwenye taa moja, wanasogea kwenye nyingine.

"Kwenu mna kitu kama hiki?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa utani, "Tuna Mwenge."

Utani ule ukanikaa kichwani. Kwa hiyo wiki chache baadaye, Mwenge wa Uhuru ulipofika Kyerwa, nilikwenda kwenye mkesha. Nimeshawahi kwenda mara kadhaa kikazi, daftari mkononi, nikihesabu miradi iliyozinduliwa. Safari hii niliacha daftari nyumbani. Nilitaka kuutazama Mwenge kama ninavyotazama mchezo wa jukwaani: una maandishi yake, una waigizaji, una hadhira. Je, unafanya kazi?

Tuanze na maandishi. Tarehe 22 Oktoba 1959, miaka miwili kabla ya uhuru, Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alizungumza kwa Kiingereza, na alichosema watu wa Tanganyika wangependa kukiwasha kilikuwa mshumaa. Uwekwe juu ya Kilimanjaro, mwanga wake uvuke mipaka, uwafikie waliokata tamaa, wanaochukiwa na wanaodharauliwa. Ilipoingia kwenye Kiswahili, picha ile ikabadilika: mshumaa ukawa mwenge.

Mabadiliko haya si madogo. Mshumaa unauweka mezani, unaukinga kwa kiganja upepo usiuzime, na anayekaa karibu nao huteremsha sauti. Mwenge unainuliwa juu, unakimbizwa. Kwa mwenge watu hufukuza nyuki. Neno moja likabeba tabia nyingine kabisa, na nadhani kila kitu nilichokiona Kyerwa kilitokana na neno hilo.

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika mwenge huo kileleni pamoja na bendera mpya. Mwaka 1964 mbio zikaanza, na tangu hapo sitiari ile imepata msafara wa magari, sare, ratiba na bajeti ya mafuta. Sijui sitiari nyingine duniani inayosafiri na gari la wagonjwa.

Mwaka huohuo wa 1964, mwezi Oktoba, mjini Tokyo, kijana aitwaye Yoshinori Sakai alipandisha mwenge wa Olimpiki ngazi za uwanja. Alizaliwa mkoa wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siku ile bomu lilipoangushwa. Hakuhitaji kusema neno. Kila aliyemtazama alijua maana ya mtu yule kushika moto ule. Hicho ndicho kipimo nilichokwenda nacho Kyerwa: nani anaushika moto, na kuushika kwake kunasema nini?

Kwa haki, nianze na kinachofanya kazi. Kinachofanya kazi ni watu. Wilaya hii ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na bado vijiji vyake vimetawanyika milimani. Ni mara chache utawaona wa Kaisho, wa Nkwenda na wa Murongo kwenye uwanja mmoja usiku. Wanakuja kwa bodaboda, watatu watatu. Kina mama wamepanga masufuria ya ndizi na maharage pembeni mwa uwanja. Watoto wamelala juu ya vitenge, viatu vikiwa kichwani kama mto. Kikundi cha ngoma kutoka kijiji kimoja kilicheza dakika kumi hivi, na wazee waliokuwa wamekaa walisimama wote bila kuambiwa. Hizo ndizo dakika kumi bora za usiku ule. MC akawakatisha, kwa sababu ratiba ilikuwa imebana.

Kisha ikaja risala ya utii. Msomaji, kama umesoma fasihi chuoni ulifundishwa utenzi, ngano na methali. Risala hukufundishwa, ingawa huenda ndiyo utanzu wa Kiswahili unaosikilizwa na Watanzania wengi zaidi kwa pamoja, wakiwa wamesimama. Una kanuni zake: salamu kwa Mheshimiwa Rais, eneo la wilaya kwa kilometa za mraba, idadi ya watu, kisha miradi, kila mmoja na thamani yake ya shilingi mpaka senti. Unasomwa kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Hauna "mimi". Hauna jina la mtu yeyote asiye na cheo.

Rafiki yangu mwalimu aliwahi kupewa kazi ya kuandika rasimu ya risala, wilaya sitaitaja. Katika sehemu ya maji aliandika sentensi moja kuhusu wanawake wanaoteremka bondeni alfajiri, tochi ya simu mdomoni, ndoo kichwani. Rasimu ikarudi, sentensi imepigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Ondoa. Haina takwimu." Aliniambia huku akicheka. Lakini ile ndiyo ilikuwa sentensi pekee yenye mwanga ndani yake, tena mwanga halisi, wa tochi.

Hapa ndipo ninapogombana na mkesha. Sina ugomvi na gharama, ingawa michango ina maneno yake, na mwalimu yeyote anayajua. Ugomvi wangu ni kwamba tamasha linalobeba maneno ya Nyerere limeacha kuyasikiliza. Aliahidi mwanga utakaovuka mipaka. Kyerwa ndiyo mpaka wenyewe. Upande mmoja Rwanda, upande mwingine Uganda, na Mto Kagera katikati. Ahadi ile kama ina mahali pa kujaribiwa, ni hapa.

Na ilijaribiwa. Mwaka 1994 Karagwe ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda. Nilikuwa mtoto, nakumbuka moshi wa majiko yao ulivyofunika bonde. Hapo nadiriki kusema mshumaa uliwaka. Kisha Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba ikafuata Oparesheni Kimbunga. Zilikuwepo sababu, na hatuwezi kuzifuta: ujambazi wa barabarani ulikuwa wa kweli, migogoro ya malisho ilikuwa ya kweli. Lakini maelfu waliondoka, na miongoni mwao walikuwemo walioishi hapa miongo mingi. Jirani yetu mmoja, mama tuliyekuwa tukimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliondoka na godoro na mbuzi wawili. Kahawa yake iliiva mwaka ule bila mchumaji.

Huko Hiroshima, kila tarehe 6 Agosti, watu huelea taa za karatasi mtoni jioni, na juu ya karatasi huandika ujumbe kwa mkono. Ni kumbukumbu ya marehemu, na sitaki kulinganisha misiba. Ninachokitamani ni ule mwandiko. Taa moja, mkono mmoja, neno moja. Mwenge wetu umepita Kagera mara nyingi tangu 2013, na katika risala zote nilizozisikia sijasikia sentensi hata moja kuhusu walioondoka, iwe ya kujutia au ya kujitetea.

Saa tisa usiku muziki ulikuwa bado unapiga. Nikaenda kuutazama moto wenyewe. Ulikuwa kwenye kibanda chake, unalindwa, na watu walioukaribia hawakufika kumi. Taa za jenereta zilikuwa kali kiasi kwamba ukisimama katikati ya uwanja huwezi kuuona. Mzee mmoja mwenye koti refu alikuwa amesimama hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaona ulivyo mdogo?"

Akaniambia alipokuwa kijana aliwahi kukabidhiwa aubebe, hatua chache tu, na kwamba usiku ule hakukuwa na umeme kijijini, ukauona tangu uko mlima wa pili. "Tulinyamaza," akasema. "Ukiona moto unakuja gizani unanyamaza."

Wapo wanaotaka Mwenge ukae makumbusho. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ya yule mzee na wale waliosimama wakati wa ngoma. Lakini kama kazi ya jukwaani, mkesha niliouona ni tamthilia inayomfunika mhusika wake mkuu. Dawa yake haihitaji bajeti. Zimeni jenereta saa moja. Risala isomwe na mmoja wa wale wanawake wa bondeni, kwa maneno yake. Kisha watu wauone moto ulivyo mdogo.

Asubuhi msafara uliondoka kwenda kwenye makabidhiano na wilaya jirani. Uwanjani walibaki wanafunzi na mifagio, wakiokota chupa za maji. Nilimtumia rafiki yangu picha niliyoipiga usiku. Akauliza, "Moto uko wapi hapo?" Nikaikuza picha, nikautafuta. Ilinichukua muda.