Chupa Isiyoharakishwa

Katika wadi ya Kamenu, mjini Thika, zizi la ng'ombe mmoja au wawili huweza kubanwa kati ya nyumba za kupangisha. Malisho hakuna. Nepia hukatwa kwingine na kuletwa kwa mkokoteni au pikipiki, na ng'ombe akigoma kula, simu hupigwa usiku huohuo: "Daktari, tafadhali njoo." Anayekuja mara nyingi si daktari bali mhitimu wa chuo cha afya ya mifugo kama AHITI Kabete au Ndomba, aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo kwa sheria ya 2011. Jina la daktari hupewa tu, na wengi wao wamelistahili.

Haanzi kwa sindano. Hutazama kutoka mlangoni jinsi mnyama alivyosimama. Kisha ngumi hubonyezwa ubavu wa kushoto kulisikiliza tumbo kuu, ambalo likiwa zima hujisukuma mara moja au mbili kwa dakika. Vidole hupapasa tezi chini ya sikio. Zikiwa zimevimba na joto limepita nyuzi 40, ndigana kali inashukiwa. Chanjo ya ugonjwa huo wa kupe iliundwa Muguga, kaunti hii hii ya Kiambu, na bado kupe hushinda pale ambapo haikufika.

Lakini ukitaka kumpima fundi, mngoje kwa ng'ombe aliyezaa jana na sasa amelala, shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio baridi kama chuma. Kalsiamu imepungua mno damuni, imekwenda kwenye maziwa. Dawa ni chupa moja ya kalsiamu mshipani, na hapo ndipo mtu asiye na subira huua: ikiingia kwa kasi, moyo husimama. Kwa hiyo huipasha chupa moto kidogo, huishikilia chini ili dawa ishuke taratibu, na mkono wa pili hukaa penye moyo kuhesabu mapigo. Mwenye ng'ombe anauliza kama haiwezi kwenda haraka. Haiwezi. Misuli huanza kutetemeka, ng'ombe hucheua hewa, pua hupata unyevu, kisha hunya. Mbele ya kinyesi hicho nimeona watu wazima wakipiga makofi. Muda si mrefu mnyama anasimama, na aliyemtibu tayari anaosha mpira wa dripu.

Sehemu nyingine ya kazi haipigiwi makofi. Kiwele kikitibiwa kwa antibiotiki, maziwa hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

"Sasa nimwage yote, na mteja ananingoja?"

"Yote, mama."

Wapo wanaonyamaza ili waitwe tena, na wateja wao huwapenda. Ninayemsifu mimi huchukua chaki na kuandika tarehe ya kuanza kuuza kwenye mlango wa zizi, upande wa nje, ambako hata mnunuzi wa maziwa ataisoma.