Nafasi ya Uzamivu: Ipime Kabla Hujaiomba

Anayetafuta nafasi ya uzamivu katika baiolojia au afya kwa mara ya kwanza hutazama jina la taasisi, kisha posho. Mzoefu huuliza: waliopita hapo walitoka na nini? Swali hilo linafaa kwenye kituo chochote cha utafiti: Kilifi kwa KEMRI-Wellcome Trust, Nairobi kwa ICIPE, Ifakara, hata Heidelberg.

Anza na tangazo lenyewe. "Tunatafuta kijana mwenye ari ya kutafiti malaria" halijasema kitu. Likisema utachunguza jinsi mbu aina ya Anopheles funestus wanavyostahimili dawa ya vyandarua, ukianza na sampuli ambazo tayari zimo kwenye jokofu, basi aliyeliandika anajua utafanya nini wiki ya kwanza.

Halafu fedha na muda. Uswidi, uzamivu ni miaka 4 ya masomo ya muda wote, na kwa kawaida mwanafunzi ni mwajiriwa. Ujerumani, mkataba wa asilimia 65 ya muda wote ni wa kawaida, lakini usidhani kazi nayo itakuwa asilimia 65. Mkataba ukiwa wa miaka 3 na wenzako hapo humaliza kwa 4, uliza nani atalipa mwaka wa mwisho. Uliza pia nani ananunua vitendanishi na nani anaweka mafuta kwenye gari la kwenda vijijini. Kama utafiti wa afya unafanyika Tanzania, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimetoka au bado? Kisipotoka, utakaa miezi unasubiri huku mkataba unakwisha.

Kipimo kikubwa ni msimamizi, na hiki unaweza kukifanya bila kumuuliza mtu. Ingia PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na baiolojia, andika jina lake, soma orodha ya waandishi. Katika fani hizi, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi, la mwisho ni la mkuu wa maabara. Chagua makala ambazo yeye yuko mwisho. Je, wa kwanza ni wanafunzi wake, na hubadilika mwaka hadi mwaka? Wafuatilie: wako wapi leo? Ukiona majina ya wanafunzi yamebanwa katikati tu, jihadhari.

Kisha waandikie wanafunzi wake wawili walioondoka. Waliobaki bado wanahitaji barua ya mapendekezo ya msimamizi, kwa hiyo watamsifu. Waliokwisha kuondoka watakwambia kama rasimu ya makala hurudi kutoka kwake baada ya wiki mbili au baada ya mwaka.

Na anayedai umtumie pesa ili akupe nafasi ni tapeli. Usimjibu.

Chuo kikubwa chenye msimamizi asiyepatikana ni nafasi duni. Maabara ndogo ambayo wanafunzi wake wanamaliza, wanachapisha na wanapata kazi, hiyo ndiyo ya kuiomba.