Cheche Kwanza, Petroli Baadaye

Gari la zamani likianza kukohoa, wengi wetu hukimbilia kabureta. Skrubu zake ziko nje, bisibisi ipo mfukoni, na ukizungusha kidogo mlio unabadilika papo hapo, basi unajiona umefanya kazi. Fundi ninayemsifu hapa ni mzaliwa wa Bukavu, na gereji yake ndogo iko Fairfield, magharibi mwa Sydney. Yeye kabureta huigusa mwisho. Nimemtazama akifunga injini iliyojengwa upya na kuitafutia taimingi, na sehemu kubwa ya ustadi wake niliiona katika yale aliyokataa kuyafanya kabla ya wakati wake.

Injini yenyewe ni 2F ya Toyota, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2, ya pikapu ya Land Cruiser FJ45. Jina la gari lisikudanganye: hii ni injini ya lori. Mtangulizi wake, ile F, iliendesha pia malori ya Toyota na magari ya zimamoto. Mashariki mwa Kongo, Kenya na Tanzania hakuna fundi wa rika lake asiyeijua. Waustralia nao waliijua Land Cruiser mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Thiess ilizileta Land Cruiser kwenye ujenzi wa mabwawa na mahandaki ya Snowy Mountains, na hapo ndipo Toyota ilipopata mguu wa kuingilia nchi hii. Kwa hiyo fundi wa Bukavu akikutana na 2F barabara ya Horsley Drive, wanajuana.

Silinda zilikuwa zimechongwa mashineni, ringi ni mpya, na kamshafti ni mpya pamoja na tapeti zake. Kamshafti hiyo ndiyo inayoamua namna siku ya kwanza itakavyokwenda. Kwenye injini za aina hii tapeti husugua moja kwa moja juu ya kamu, na mafuta yanayozifikia ni yale yanayorushwa na mzunguko wa krankshafti. Zikiwa mpya hazijazoeana. Injini ikiwaka lazima ipelekwe mara moja kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika na ishikiliwe hapo kwa dakika kama 20. Ukiiacha ingurume taratibu huku unahangaika na skrubu, kamu zinalika kabla gari halijatoka mlangoni. Maana yake taimingi iwe karibu na sahihi kabla injini haijawahi kutoa hata mlio mmoja.

Hapo alitumia asubuhi karibu nzima. Alichomoa plagi ya silinda ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole gumba, kijana wake akazungusha krankshafti kwa spana hadi pumzi ikamsukuma kidole. Kisha akachungulia kwenye kidirisha kilicho ubavuni mwa nyumba ya flaiwili. Toyota walipachika humo kigololi kidogo cha chuma, na kigololi kikikutana na mshale, pistoni imebakiza nyuzi 7 kufika juu. Hakuridhika. Alizitikisa tapeti mbili za silinda hiyo kuhakikisha zote zimelegea, kwa kuwa pistoni hufika juu mara mbili katika kila duru ya kazi, na mara moja tu ndiyo ya kupokea cheche. Ukikosea hapo, injini inatemea moto kwenye kabureta, na mwenye haraka atailaumu kabureta.

Distributa ilimpa shida kidogo. Ncha ya mhimili wake hushika pia pampu ya oili, kwa hiyo haikai mpaka meno yake yakubaliane na kamshafti chini yakikubaliana na pampu. Kijana alitaka kuigonga ikae.

"Hapana, kaka. Itoe, geuza pampu kidogo, irudishe."

Iliingia mara ya tatu, bila nyundo.

Injini iliwaka karibu mara moja, ikapelekwa 2,000, na kwa dakika zote zile hakuna aliyeongea wala aliyegusa kitu zaidi ya kuangalia oili na joto. Kisha ikazimwa. Mimi nilidhani sasa itakuja bisibisi. Ilikuja fila, ya kupimia nafasi ya pointi.

Kazi ya kutafuta taimingi ina tabia ya kujizunguka, na wengi hukata tamaa kwa kutolijua hilo. Pointi za distributa ndizo zinazofungua na kufunga umeme wa koili. Nafasi yake ni milimita 0.45. Ukiipanua, zinafunguka mapema, taimingi imesogea. Kwa hiyo pointi kwanza, taimingi baadaye. Ukishaisogeza taimingi, mwendo wa injini isiyokanyagwa nao unabadilika. Mwendo ukipanda, vile vizito viwili vidogo ndani ya distributa vinaanza kutanuka na kuiwahisha cheche, na taa ya taimingi inakuonyesha namba ambayo si ya kweli. Unarudi, unashusha mwendo, unapima tena. Kila duru masahihisho yanakuwa madogo, mpaka inafika duru ambayo hakuna cha kusahihisha. Yeye hupita duru hizo bila kukunja uso. Mpira wa vakyumu ameuchomoa na kuuziba, taa inamulika kidirishani, distributa inasogezwa kwa upana wa ukucha.

Vile vizito vinanivutia kuliko kitu kingine chochote katika injini hii. Kwenye mizunguko 650, nyuzi 7 hupita kwa muda usiofika sehemu mbili za elfu ya sekunde. Kwenye 3,000 hupita kwa chini ya nusu ya sehemu moja. Moto ndani ya silinda hauwezi kuongeza kasi kiasi hicho, basi cheche lazima iitangulie pistoni zaidi na zaidi. Hesabu hiyo inafanywa na springi mbili na vipande viwili vya chuma, bila waya wowote wa ziada. Anayetaka mfumo wa elektroniki fundi humfungia bila ubishi, ila anapenda kwanza amwonyeshe anachokitupa.

Baada ya taimingi akaunganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Hapa ndipo Bukavu na Fairfield zinapoachana. Usawa wa bahari, injini nzima huvuta kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na kipimo hushuka kama inchi moja kila ukipanda mita 300. Bukavu iko mita 1,500 hivi, kando ya ziwa Kivu. Kule sindano ikitulia kwenye 14, fundi ananawa mikono. Fairfield, bondeni karibu na Prospect Creek, 14 ni ugonjwa: ama taimingi imechelewa, ama hewa inapenya penye gasketi. Kule hewa ni pungufu kwa kama sehemu moja ya saba, na kabureta iliyopangwa pwani ikipandishwa huko inatoa moshi mweusi. Alipofika hapa ilibidi namba zote alizoziamini zihame, na sikio nalo lihame nazo.

Petroli pia ni nyingine. New South Wales ina sheria ya mwaka 2007 ya kuchanganya nishati ya mimea, kwa hiyo E10, petroli yenye ethanoli, haiko mbali popote uendapo. Ethanoli huja na oksijeni yake, mchanganyiko unakuwa mwembamba, na mipira ya zamani haiipendi. Injini hii inabana kwa 7.8 kwa 1 tu, haihitaji petroli ya ghali. Aliweka ya oktani 91 isiyo na ethanoli na akamwagiza mwenye gari aendelee nayo.

Sindano iliposimama kwenye 19, ndipo bisibisi ikatoka. Alihakikisha mafuta yako katikati ya kioo cha kabureta, akapandisha mwendo hadi 690 huku mchanganyiko ukiwa pale injini inapofurahi zaidi. Kisha akaibana skrubu ya mchanganyiko taratibu, akiinyima petroli, mpaka mwendo ukashuka wenyewe hadi 650. Ndivyo Toyota walivyoelekeza: utafute kilele, kisha ukiache nyuma kidogo. Kazi ya kabureta haikuchukua hata robo saa.

Mwenye gari aliambiwa arudi baada ya kilomita 800. Boliti za hedi zitakazwa upya, na valvu zitapimwa injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 za kuingiza na 0.35 za kutoa. Pointi zitatazamwa kabla ya hayo yote. Kisigino chake kikiwa kipya husagika haraka juu ya kamu ya distributa, nafasi inajifunga, na taimingi inachelewa bila mtu kugusa kitu.