Siri ya Fundi na Hesabu ya Mwenye Chombo

Fundi wa jahazi ana siri zake. Huku kwetu Pemba mwanawe ataambiwa, mwanafunzi wake ataambiwa kidogo kidogo, na mpita njia akiuliza ataelezwa habari za mvua. Sioni ubaya. Lakini mwenye chombo akiuliza zimeingia mbao ngapi na ujira umefika wapi, fundi hujibu. Hawezi kusema kuwa hiyo nayo ni siri ya ufundi.

Katika mikataba ya mafuta na gesi, neno hili "siri" limebebeshwa mzigo usio wake. Novemba 2014, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe, iliamuru viongozi wawili wa TPDC wakamatwe kwa kutoikabidhi mikataba 26 ya gesi. Msomaji aangalie vizuri: walionyimwa kusoma hawakuwa washindani wa kampuni, walikuwa wabunge. Miezi michache kabla ya hapo, nyongeza ya mkataba wa Statoil ya Norway ilikuwa imevuja, na watu wakaanza kupiga hesabu ya fungu la Serikali. Kampuni haikuibiwa ufundi wowote. Kilichotoka nje ni asilimia. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya uwazi katika uchimbaji, inayotaka mikataba itangazwe. Basi siri ile ilikuwa ya lazima kwa nani?

Kwetu Visiwani, Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ilitia saini na RAK Gas, ya Ras Al Khaimah, mkataba wa kugawana mazao ya kitalu cha Pemba–Zanzibar. Wanaopima chini ya bahari hupeleka mshindo majini, wakasikiliza unavyorudi kutoka kwenye miamba, na kwa huo wakachora picha ya kilichoko chini. Programu inayoufasiri mwangwi huo ni mali ya aliyeitunga. Mimi sina haja nayo, wala singeielewa. Picha yenyewe ndiyo yenye utata. Imegharimu fedha nyingi, na mshindani akiipata bure, aliyelipa atakuwa amemlimia mwenziwe shamba. Nakubali ifungwe kwa miaka kadhaa.

Ila mgawo, njia ya meli ya upimaji, na athari kwa samaki? Mvuvi wa Wesha akiyauliza hayo akajibiwa kuwa ni siri ya kibiashara, amezibwa mdomo kwa karatasi iliyotiwa saini na mtu mwingine.

Wako wanaotaka siri zote zifutwe. Siafikiani nao, fundi akinyang'anywa siri yake, kesho hana kazi. Lakini Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inalinda haki ya kutoa na kupokea habari, na kwa hiyo anayeficha ndiye wa kujieleza. Mkataba useme, kifungu kwa kifungu, kipi kimefichwa na kwa nini, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe pale pale penye saini.